Mkono Unaobadilisha Nepi Ndio Unaogawa Uji

Mada kwa walezi wa watoto wadogo, walimu wa chekechea na wazazi wa Sigowet, Kaunti ya Kericho

 

Mada ya leo si ya kupendeza masikioni. Ni kinyesi cha mtoto, na jinsi ya kukiondoa bila kumpa mtoto mwingine ugonjwa. Watu wazima wengi huona haya kuizungumzia, au huicheka tu. Lakini mlezi hana nafasi ya kuona haya, kwa sababu yeye hukutana nayo kila siku, tena mara nyingi kabla ya saa sita mchana.

Fikiria asubuhi ya kawaida katika nchi hii ya majani chai. Ni saa kumi na mbili na nusu, ukungu haujaondoka mashambani. Mama anafika mlangoni kwa mlezi na kumkabidhi mtoto pamoja na mfuko mdogo: nguo moja ya kubadilisha, chupa ya maziwa, nepi mbili. Anachukua kikapu chake na kwenda kuchuma. Malipo yake yanategemea kilo atakazopima jioni, kwa hiyo kila dakika anayokawia pale mlangoni inatoka mfukoni mwake. Anaondoka akiwa na imani moja tu, kwamba akirudi atampata mtoto alivyomwacha.

Sasa mtazame mlezi. Tuseme ana watoto kumi, na sita kati yao bado wanavaa nepi. Kila mmoja akibadilishwa mara nne tangu asubuhi hadi jioni, mlezi atakuwa amebadilisha nepi mara 24. Katikati ya mara hizo 24 anakoroga uji, anapoza maziwa, anafuta kamasi, anaokota kijiko kilichoanguka na kukirudisha mkononi mwa mtoto. Mikono ni ile ile miwili. Sabuni ikikosekana mara moja tu kati ya mara hizo 24, kilichokuwa kwenye nepi ya mtoto mmoja kinaweza kuishia kwenye kikombe cha mwingine. Hilo ndilo jambo la kukumbuka leo, hata kama mengine yote yatasahaulika: mkono unaobadilisha nepi ndio unaogawa uji.

Kinyesi cha mtoto si kisafi

Ipo imani ya zamani, tena si ya Sigowet peke yake, kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Watu husema mtoto ananyonya tu, hajala chochote kibaya, na kinyesi chake hakinuki kama cha mtu mzima. Ndiyo maana mtu ambaye hawezi kuacha kinyesi cha mtu mzima uani, kile cha mtoto hukimwaga nyuma ya nyumba au kukifunika na udongo kidogo kwa jembe.

Ukweli ni kinyume. Watoto wadogo ndio wanaougua kuhara mara nyingi zaidi, kwa hiyo kinyesi chao ndicho chenye uwezekano mkubwa wa kubeba vijidudu: virusi vya rota, bakteria wa kuhara damu, vimelea vya giadia, na mayai ya minyoo. Tena mtoto anaweza kutoa vijidudu hivyo kabla hajaonyesha dalili yoyote, na akaendelea kuvitoa kwa siku kadhaa baada ya kupona. Mlezi hawezi kujua kwa kumtazama mtoto kama nepi hii ni ya hatari na ile si ya hatari. Njia iliyobaki ni moja: kila nepi ihesabiwe kuwa na ugonjwa.

Mtoto wa mwaka mmoja naye ana tabia inayorahisisha kazi ya vijidudu. Anatambaa sakafuni, anashika kila kitu, na kila anachoshika anakipeleka mdomoni. Mkeka ukiwa mchafu, mkono wake ni mchafu, na tumbo lake halitachelewa kusema.

Serikali ilianza kutoa chanjo ya virusi vya rota kote nchini Julai 2014, na kila mzazi anapaswa kuhakikisha mtoto ameipata katika wiki zake za mwanzo. Lakini chanjo hiyo inazuia aina moja tu ya kuhara. Bakteria, vimelea na minyoo havijali chanjo ya rota. Kinga inayovigusa vyote ni sabuni. Tafiti za nchi nyingi, zikiwemo zilizofanywa ndani ya vituo vya kulea watoto, zimeonyesha kwamba kuhamasisha watu kunawa mikono hupunguza visa vya kuhara kwa karibu theluthi moja. Hakuna dawa ya duka inayoweza kufanya hivyo kwa bei ya kipande cha sabuni.

Mpangilio wa kubadilisha nepi

Kosa kubwa katika kubadilisha nepi hutokea kabla nepi haijafunguliwa. Mlezi anamlaza mtoto, anafungua, anakuta uchafu ni mwingi, ndipo anakumbuka kwamba kitambaa kiko chumba cha pili. Anainuka na mikono yake ilivyo, anafungua mlango, anafungua kabati, anagusa nguo za watoto wengine. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuweka kila kitu karibu: nepi safi, kitambaa cha kufutia, maji kidogo, mafuta, na chombo chenye kifuniko cha kutia nepi chafu.

Mahali pa kubadilishia pawe pamoja kila siku, mbali na jiko na mbali na meza ya chakula. Si lazima kununua meza maalumu. Kipande cha turubai au plastiki nzito kilichotandikwa sakafuni kinafaa, na kina faida yake: mtoto hawezi kuanguka kutoka sakafuni. Mlezi anayetumia meza asimwache mtoto juu yake hata kwa kufumba na kufumbua.

Mtoto anafutwa kuanzia mbele kwenda nyuma, hasa wa kike, ili kinyesi kisisogezwe kwenye njia ya mkojo na kumletea maambukizi. Kila mtoto awe na kitambaa chake. Kitambaa kimoja kilicholowekwa kwenye beseni moja na kupitishwa kwa watoto sita ni njia ya haraka ya kueneza ugonjwa. Mikunjo ya mapaja ikaushwe kwa kugusagusa, bila kusugua, kisha ipakwe mafuta kidogo. Unga wa kupaka watoto hauhitajiki. Vumbi lake likiingia kifuani mwa mtoto lina madhara.

Baada ya kumfunga nepi safi, mikono ya mtoto inaoshwa, kwa maana mara nyingi huwa ameishapitisha kidole pale. Mtoto anarudishwa kwa wenzake. Kinyesi kinamwagwa chooni, nepi inatiwa kwenye chombo chake na kufunikwa, turubai linafutwa kwa maji na sabuni. Mwisho kabisa mlezi ananawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa sekunde zisizopungua 20, akisugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Glavu, kama zipo, haziondoi haja ya kunawa. Glavu chafu inayoshika mlango ni sawa na mkono mchafu.

Mara moja kwa siku, na kila wakati kinyesi kinapogusa turubai au sakafu, panahitajika dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita Jik. Uchafu uondolewe kwanza kwa maji na sabuni, kwa kuwa klorini haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5 ikichanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.5, unaotosha kuua vijidudu vya kinyesi. Iachwe kwa dakika 10, kisha pafutwe kwa maji safi na kukaushwa kabla mtoto hajalazwa tena. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku. Na dawa hiyo isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Ikae juu, mahali ambapo mtoto hafiki.

Mlezi aliye peke yake

Mwongozo wa afya unasema anayebadilisha nepi asipike. Katika kituo chenye wafanyakazi watatu jambo hilo ni rahisi. Mlezi wa kijijini aliye peke yake atacheka, na ana haki ya kucheka.

Kwake suluhisho ni saa. Uji upikwe mapema, kabla watoto hawajafika, na uwekwe kwenye chupa ya chai yenye kuhifadhi joto. Vikombe vipangwe na kufunikwa. Kisha nepi zikaguliwe kwa zamu zinazojulikana: watoto wanapofika, kabla ya uji, kabla ya kulala, baada ya kulala, na kila mara mtoto anapojisaidia. Aliyejisaidia asisubiri zamu. Baada ya kila zamu kuna kunawa, na baada ya kunawa ndipo chakula. Aproni mbili za rangi tofauti husaidia pia, moja ya nepi na moja ya chakula. Hata mtu akisahau, rangi itamkumbusha.

Maji yanatosha?

Swali hili huulizwa kwa haki. Sigowet ya juu hupata mvua karibu kila mwezi, lakini ukiteremka kuelekea Soin joto linaongezeka na maji yanakuwa machache. Mlezi wa kule chini hupima maji kama mwingine anavyopima sukari.

Basi hesabu ifanywe. Kunawa kwa utaratibu kukitumia nusu lita ya maji, mara 24 za mlezi ni lita 12. Mikono ya watoto ikioshwa mara 24 nayo kwa kiasi hicho hicho, jumla ni lita 24. Hiyo ni jerikeni moja ya lita 20 na kidogo zaidi, kwa siku nzima, kwa watoto sita. Si kidogo, lakini ni rahisi kuliko kumbeba mtoto mgonjwa hadi hospitali.

Beseni moja ambalo kila mtu anatumbukiza mikono halifai, kwa kuwa anayenawa wa tano ananawa uchafu wa wanne waliomtangulia. Mwenye kukosa bomba atengeneze kibuyu chirizi: mtungi mdogo wa plastiki wa lita 5 uliotobolewa tundu dogo na kuning'inizwa kwenye mti, wenye kamba ya kukanyaga kwa mguu ili uiname. Hauguswi kwa mkono, na maji yanatoka kidogo kidogo. Sabuni itobolewe na kuning'inizwa kando yake kwa uzi. Kibuyu kimoja kiwe karibu na mahali pa nepi na kingine karibu na jiko, kwa sababu sabuni iliyo mbali haitumiki. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe daima; mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo.

Nepi za kitambaa, na zile za kutupa

Nepi ya kitambaa ni nafuu na inatumika miaka. Shida yake hapa ni mvua. Nepi iliyofuliwa vizuri lakini ikavaliwa ikiwa na unyevu huleta upele na kuwapa vijidudu mahali pa kukaa. Anayetumia kitambaa ahitaji nyingi za akiba, na kamba ya kuanikia chini ya paa la mabati penye upepo. Jua likitoka, zote zitoke nje. Lisipotoka, zipigwe pasi, hata ya makaa, mpaka zikauke kabisa. Ufuaji nao una mpango wake: kinyesi kinamwagwa chooni, nepi inalowekwa kwenye ndoo yake peke yake, inafuliwa kwa sabuni na maji ya moto, inasuuzwa vizuri. Isifuliwe mtoni, na maji yake yasimwagwe karibu na kisima. Maji ya miinuko hii hayabaki hapa. Mengi huingia Mto Sondu na kuteremka hadi Ziwa Victoria, na njiani kuna watu wanaoyachota kwa kunywa.

Nepi za kutupa, ambazo karibu kila mtu huziita pampers hata zikiwa za kampuni nyingine, zimewapunguzia akina mama mzigo mkubwa. Lakini zimeleta taka ambayo wazee hawakuijua. Ndani yake mna plastiki na chembe zinazofyonza maji, na haziozi kama ganda la ndizi. Zikitupwa kwenye choo cha shimo zinavimba na kukijaza kabla ya wakati. Zikitupwa kichakani, mbwa huzivuta hadi uani, pale pale watoto wanapochezea. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kwanza na kumwagwa chooni, nepi ikunjwe na kufungwa, iwekwe kwenye pipa lenye kifuniko, mbali na taka nyingine. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinapozalishwa, na kituo cha watoto ni mahali pazuri pa kuanzia. Kituo kisichofikiwa na gari la taka kimwulize afisa wa afya ya umma wa wadi kuhusu shimo la taka linalofaa. Jambo la hakika ni kwamba kichaka na mto si majibu.

Poti si mashindano

Kuna mzazi anayejivunia kwamba mtoto wake aliacha nepi akiwa na mwaka mmoja, na jirani yake anaona aibu kwa kuwa wa kwake ana miaka miwili na nusu na bado. Aibu hiyo haina msingi.

Mwaka 1977 jarida la kitabibu la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti wa Marten deVries na Rachel deVries kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya. Mama wa Kidigo alianza kumzoeza mtoto katika wiki za kwanza za maisha. Aliketi chini na kunyoosha miguu, akamweka mtoto katikati, akatoa sauti maalumu mtoto alipokuwa anakojoa, mpaka mtoto akaihusisha sauti hiyo na haja. Miezi michache baadaye mtoto aliweza kuitikia sauti, bila kupigwa wala kukemewa. Wakati huo madaktari wa Marekani walishikilia kwamba mtoto hawezi kujifunza mapema hivyo. Wadigo waliwaonyesha kuwa umri hutegemea namna watu wanavyoishi.

Lakini ni vyema kuona kilichowawezesha. Mama wa Kidigo alikuwa na mtoto mmoja mwilini mwake mchana na usiku, na aliijua kila ishara yake. Mlezi mwenye watoto kumi hana nafasi hiyo. Katika kituo, watoto wengi huwa tayari kati ya miezi 18 na miaka mitatu, na dalili huonekana: nepi inabaki kavu kwa saa mbili au zaidi, mtoto anaweza kwenda na kukaa mwenyewe, anaweza kushusha suruali, anaonyesha kwa neno au kwa uso kwamba haja inakuja. Ukavu wa usiku huchelewa, na huo si ukaidi.

Jamii ya hapa ina ujuzi wake katika jambo hili. Mtafiti Charles Super alichapisha mwaka 1976 maelezo kuhusu watoto wa Kikipsigis wa eneo hili, waliokaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, na akaonyesha kwamba mama zao waliwafunza kwa makusudi, siku baada ya siku. Hawakungoja mtoto akae kwa bahati. Poti nayo inafunzwa vivyo hivyo: saa zile zile kila siku, baada ya kuamka na baada ya kula, kwa dakika tano hivi, kwa sifa anapofaulu na kwa ukimya anaposhindwa. Nyumbani na kituoni watumie maneno yale yale, kusudi mtoto asichanganyikiwe.

Mtoto aliyejichafulia asichekwe wala kupigwa. Katiba ya Kenya, ibara ya 53, inamlinda mtoto dhidi ya unyanyasaji na kila aina ya ukatili. Tena kipigo hakifundishi. Mtoto anayeogopa poti hubana choo, choo kinakuwa kigumu, siku inayofuata kinauma, naye anabana zaidi. Mlezi atakuwa ametengeneza ugonjwa kwa mkono wake.

Kuhusu usafi, kila mtoto akiwa na poti yake ni bora. Zikiwa chache, kila poti imwagwe chooni, ioshwe, ipakwe dawa na kukaushwa kabla ya mtoto mwingine kukalia. Isioshewe kwenye sinki au beseni la vyombo. Mtoto anayehamia choo cha shimo awekewe ubao wenye tundu dogo, kwa sababu tundu kubwa na giza humtisha, na hofu yake ni ya haki. Kila anapoinuka, ananawa. Tabia ya kunawa ikianza hapo haitahitaji kufundishwa tena shuleni. Samaki mkunje angali mbichi.

Mtoto anapoletwa akiwa anahara

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Kanuni inasema mtoto anayehara abaki nyumbani mpaka siku mbili zipite bila kuhara. Mama anasema asipochuma leo, hatakuwa na pesa ya unga kesho. Wote wawili wanasema kweli.

Jambo hili lizungumzwe siku mtoto anapoandikishwa, si asubuhi ya kuhara. Mzazi aulizwe: mtoto akiugua, nani atakaa naye? Bibi? Shangazi? Baba? Jibu liandikwe pamoja na nambari ya simu. Na mzazi asimfiche mlezi. Mama anayemleta mtoto na kunyamaza kwa kuogopa kurudishwa anawaweka hatarini watoto wengine tisa, na jumatatu ijayo ugonjwa utarudi kwake.

Mtoto akianza kuhara akiwa tayari kituoni, akae pembeni na mkeka wake, kikombe chake na poti yake, mzazi apigiwe simu, na asipewe kituoni chakula kilichoguswa na wengine. Aanzishiwe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, yakichanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti hiyo, anyweshwe kidogo kidogo kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Kituo cha afya kitampa pia vidonge vya zinki, ambavyo hutumiwa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma mapema.

Nepi yenyewe humpa mlezi habari. Nepi iliyobaki kavu kwa saa sita, macho yaliyoingia ndani, kilio kisicho na machozi, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ikifinywa, damu kwenye choo, kutapika kila kitu, au mtoto kulegea na kushindwa kunywa: lolote kati ya hayo ni la hospitali wakati huo huo, si la kungoja jioni mama atakaporudi. Mtoto mdogo hukaukiwa maji kwa muda mfupi sana.

Kwa minyoo, wiki za Malezi Bora mwezi Mei na Novemba hutoa dawa za minyoo na vitamini A kwa watoto wadogo. Walezi wawakumbushe wazazi tarehe zinapotangazwa.

Kazi ya nani

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo mlezi ana haki ya kumwita afisa wa afya ya umma amshauri, bila kungoja afisa aje kumkagua. Anayeuliza mapema mahali pa kuchimba choo au kuweka kibuyu chirizi hana sababu ya kuogopa ukaguzi.

Lakini kaunti haiwezi kusimama mlangoni mwa kila mlezi saa nne asubuhi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mzazi alete nepi za kutosha, na kila mwezi alete kipande cha sabuni pamoja na ada. Baba ajue kubadilisha nepi, kwa kuwa sabuni haichagui mikono. Mzee wa mtaa asichoke kuuliza nepi za kijiji zinatupwa wapi. Na mlezi aheshimiwe, kwa sababu anafanya kazi ambayo wengi hawangeiweza hata kwa nusu siku.

Kila mmoja akitoka hapa apite kituoni, au nyumbani kwake, apime hatua kutoka mahali nepi inapobadilishwa hadi mahali uji unapogawiwa. Kisha atazame katikati ya sehemu hizo mbili: je, kuna maji na sabuni? Kama hakuna, kazi ya leo alasiri inajulikana. Mtungi, msumari, kamba na kipande cha sabuni vinatosha, na kabla giza halijaingia kibuyu kitakuwa kimening'inia.